Hakuna Kitu Inaitwa 'Antena ya Digital': Soma Hii Kabla Utoe Doo Luthuli

Tuanze na ukweli wenye utakuuma kidogo. Ile boksi ya kung'aa imeandikwa "Digital 4K HD, 300 KM" inakudanganya mara tatu kabla hata uifungue. Antena haijui digital ni nini. Haijui 4K. Na hiyo kilomita 300, ukiipima kutoka Nairobi kwa mstari ulionyooka, imeshapita Kisumu na bado inaenda. Hakuna antena ya kufunga kwa mabati ya keja yako inaweza hiyo kazi.

Antena ni chuma tu, buda. Inashika mawimbi yenye yanapita hewani, inayageuza kuwa umeme kidogo sana, inausukuma kwa kebo hadi nyuma ya TV. Basi. Kazi ya kufungua hayo mawimbi yakuwe picha ni ya dikoda, ama TV yenyewe kama ni ya kisasa. Kwa hivyo mtu akikuambia antena yako ya zamani "si ya digital" na lazima ununue mpya, muulize swali moja: hii mpya inashika masafa gani? Akianza kukuonyesha rangi ya boksi, jitoe.

Na usiseme ati TV ya antena ni ya wazee. Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN pale Kasarani, Harambee Stars na Madagascar, sare ya bao moja, ikaenda penalti. Usiku kama huo ndio unajua kama setup yako ni ya ukweli ama ni ya mchezo. Mwenye anastrimi kwa simu huwa nyuma kwa sekunde kadhaa, saa zingine hata nusu dakika, kwa hivyo anasikia nduru ya jirani kabla aone mpira ukipigwa. Mwenye ana antena mbovu, picha inaganda kipa akiwa hewani. Mwenye amefunga vizuri anaona zote, halafu hajatoa hata bob ya bando. (Tulitolewa, najua. Lakini angalau ulione kwa macho yako.) AFCON 2027 inakuja hapa kwetu, Uganda na Tanzania, na hizo mechi hazitakungoja uende kununua kebo.

Kwa nini siku hizi antena inakuumbua

Kama umezaliwa mapema kidogo unakumbuka chenga chenga. Siku za analogi, signali ikiwa mbaya picha ilikuwa na mchele, lakini ulikuwa unaona. Mtoi anatumwa nje azungushe mti wa antena, wewe uko dirishani unapiga kelele "hapo hapo! rudisha kidogo!" na maisha yanaendelea.

Digital haina hiyo huruma. Signali ikitosha, picha ni safi kama ya jirani mwenye TV kubwa. Ikipungua kidogo bado ni safi. Ikipungua kidogo tena, picha inakatika vipande vipande, sauti inakwama kwama, halafu kwisha: skrini nyeusi na yale maandishi ya "hakuna signali". Hakuna katikati. Ndio maana antena yenye ilikuwa inasukuma siku za analogi inaweza kukuangusha leo. Haijaharibika. Ni vile tu siku hizi hakuna mchele wa kukuonya mapema.

Analogi ilizimwa Kenya mwaka wa 2015, na si kwa upole. Februari 14, siku ya Valentine, mitambo ya analogi ya Citizen, NTV na KTN ilizimwa na watu wakakaa karibu wiki tatu bila hizo chaneli. Vita ilikuwa ni nani atarusha signali. Serikali ilikuwa imetoa hiyo kazi kwa kampuni mbili, Signet ya KBC na PANG ya Wachina, na hao wakubwa watatu walitaka ya kwao. Mwishowe wakapata, inaitwa ADN.

Unajiuliza hiyo history inakusaidia aje? Inakusaidia hivi: chaneli zako hazitoki kwa mtambo mmoja. Ziko kwa mafungu, kila fungu na masafa yake. Ndio maana unaweza kupata KBC ikiwa fiti kabisa na Citizen imepotea, ama kinyume. TV yako si mbovu. Fungu moja linakufikia, lingine halikufikii vizuri, na hapo kuzungusha antena nyuzi chache tu kunaweza kumaliza kesi. Hata GOtv, na StarTimes ile ya antena, zinapita njia hiyo hiyo ya hewani. Ukilipia kifurushi na antena yako ni ovyo, umelipia skrini nyeusi.

Beba shubiri yako

Sasa tuingie duka. TV ya digital Kenya inarushwa kwa UHF, kati ya 470 na 694 MHz. Hizo namba zinakuambia kitu unaweza pima na mkono. Fimbo ya antena hufanya kazi poa ikiwa karibu nusu ya urefu wa wimbi, na kwa hayo masafa nusu wimbi ni kati ya sentimita 21 na 32. Yaani shubiri moja hadi shubiri moja na nusu. Fungua vidole, weka kwa fimbo. Fimbo zikiwa za urefu huo, hiyo ni antena ya UHF. Ukiona fimbo ndefu za karibu mita moja na zaidi, hizo ni za VHF, za enzi za analogi. Hazitakudhuru, lakini unalipia chuma cha bure na unapatia upepo kitu cha kushika.

Ile yenye inakaa kama mfupa wa samaki inaitwa Yagi. Ilitoka Japan miaka ya 1920, jina la Hidetsugu Yagi, ingawa kazi kubwa ya maabara ilifanywa na mwenzake Shintaro Uda. Uda akasahaulika kwa jina la mtaani, noma sana. Hii antena inaangalia upande mmoja tu. Inavuta kwa nguvu penye imeelekezwa na inapuuza pande zingine, na hiyo ni sifa, si ubaya, ju majengo ya Nairobi yanarudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha mpira. Kadiri fimbo zinavyokuwa nyingi ndivyo inavyoona mbali, na ndivyo inavyokuwa na kiburi: ukikosea upande kidogo, imekunyima.

Kuna ndugu yake, fimbo zinapungua urefu kutoka nyuma kwenda mbele kama mti wa Krismasi umelazwa. Haivuti mbali kama Yagi ndefu, lakini inashika masafa yote kwa usawa, na hiyo ni poa kama mafungu yako yamesambaa. Halafu kuna ile ya wavu nyuma, inakaa kama griLi ya nyama choma imesimamishwa. Hiyo inaona upana zaidi, na ni nzuri kwa balkoni na kwa ukuta.

Ile ya kuzunguka na mota na rimoti? Mimi singenunua. Fimbo zake ni fupi na chache, mota inakaa nje kwa jua na mvua, na wewe hauhitaji kuzungusha kitu kila siku. Mlingoti wa kurusha haujawahi hama usiku.

Sasa ya ukubwa gani? Inategemea unaishi wapi, si bei. Kwa watu wa Nairobi na mitaa ya karibu, signali kubwa inatoka Limuru, kule juu kwa baridi. Kutoka tao hadi Limuru ni kama kilomita 28 kwa mstari. Ukiwa Ruaka ama Kikuyu uko mlangoni kabisa, antena ndogo inatosha. Embakasi na Kayole uko karibu kilomita 35 hadi 40, Yagi ya kawaida juu ya paa inafanya kazi. Kitengela na Thika unakaribia 50, hapo nunua ndefu na uipandishe juu.

Upande nao usibahatishe. Tao, Embakasi na Kitengela, elekeza kaskazini magharibi. Rongai, karibu kaskazini kabisa, ukiegemea magharibi kidogo. Juja na Thika, magharibi. Simu yako iko na dira, itumie, lakini usiiweke karibu na mabati ama chuma cha mlingoti ju itakudanganya. Kama uko nje ya Nairobi, usielekeze Limuru kwa mazoea. Tembea mtaani uangalie paa za majirani. Antena kumi zikiangalia upande mmoja, hizo ndizo ramani yako.

Ukiangalia za majirani, angalia kitu kingine: fimbo zimelala ama zimesimama? Mawimbi hurushwa yakiwa yamelala ama yamesimama, na antena lazima ifuate. Ukiilaza yenye ilifaa kusimama unapoteza sehemu kubwa ya signali na utalaumu duka bure. Kuna mafundi wengi hapa huwaga wanafeli.

Busta: dawa yenye inaweza kukuua

Hii ndio sehemu watu huliwa doo sana. Unaambiwa antena hii iko na busta ya desibeli 40, ni moto. Skiza. Busta haitengenezi signali. Inakuza kenye kimefika, na kama kimefika na kelele, inakuza na kelele, halafu inaongeza yake kidogo. Ni kama kuongeza sauti ya redio yenye haijashika stesheni.

Kama uko Ruaka na unaweka busta kubwa, unaweza hata kupoteza chaneli zote, ju signali inakuwa nyingi hadi dikoda inachanganyikiwa. Na kuna kesi ya simu. Moja ya sababu za kuhama analogi ilikuwa kupata nafasi ya intaneti ya simu, na sehemu ya juu ya masafa ya zamani ya TV, zaidi ya 694, ilitengwa kwa hiyo kazi. Busta yenye inafungua hadi 862 inameza signali ya mlingoti wa 4G wenye uko nyuma ya ploti yenu na kuikuza pamoja na ya TV. Kama uko karibu na mlingoti wa simu, tafuta yenye iko na kichujio cha LTE ama 4G, ama usiweke busta kabisa.

Busta inafaa wapi? Ukiwa mbali, na kebo yako ni ndefu, na ile signali imefika kwa antena ni safi lakini ndogo. Na inafaa kukaa juu, karibu na antena, si chini nyuma ya TV. Chini inakuza kenye kebo imeshaharibu. Nyingi hupata umeme kupitia kebo yenyewe, kutoka kwa kale kaboksi kake ama kutoka kwa dikoda. Ingia kwa setingi za dikoda utafute pahali pa umeme wa antena, 5V. Watu wananunua busta, hawawashi hiyo kitu, halafu wanasema ni feki. Busta yenye imezimwa inazuia signali kuliko kama haingekuwepo.

Doo yako iende kwa kebo

Ningekuwa na bajeti ndogo, ningenunua antena ya kawaida na kebo nzuri, si antena ya bei na kebo ya kuokota. Uliza RG6, ya ohmu 75. Hata hiyo nzuri, mita 30 inakula karibu desibeli 5 kwa hayo masafa, yaani theluthi mbili ya signali imeisha njiani kabla ifike kwa TV. Ile nyembamba rahisi inakula zaidi. Kwa hivyo kata urefu unaohitaji. Usiache mita kumi zimekunjwa nyuma ya kabati ati "za baadaye".

Usiunge kebo kwa kusokota waya na seloteipu. Tafadhali. Tumia kontakta zake, za kukaza. Na kama wewe na jirani mnashare antena moja, ile kitu ya kugawanya njia mbili inampa kila mtu chini ya nusu. Njia nne, kila mtu robo na kidogo imepotea. Kama signali ni nyingi hamtajua. Kama ni ya kuchungulia, urafiki utaisha siku ya mechi.

Ukifika juu ya paa

Kwanza usalama, na hapa sichezi. Kabla usimamishe bomba, angalia nyaya za stima. Mlingoti ukiteleza ukaangukia waya, mwenye ameushika hatarudi kusimulia. Simama mbali na waya kuliko urefu wa mlingoti wote na antena yake. Kama paa lenu liko chini ya waya, weka antena kwa ukuta ama balkoni, hata kama signali itapungua. Mabati yakiwa na maji, shuka. Na kama unatoka Kisii ama Kakamega, unajua vile radi hucheza huko: mawingu yakianza kunguruma, chomoa kebo kwa TV na uchomoe dikoda kwa stima.

Paa likiwa la mabati, pandisha antena juu yake, si chini yake. Mabati ni ukuta kwa mawimbi. Mita moja ama mbili juu ya paa inaweza kufanya kazi kuliko busta yoyote. Na kama mbele yako kuna gorofa mpya imesimama kati yako na Limuru, hapo pole, lakini jaribu kusogeza antena upande mwingine wa paa. Hata mita mbili pembeni hubadilisha mambo, ju yale mawimbi ya kurudi kwa kuta huwa yanakutana na kuuana pahali pengine na kusaidiana pahali pengine.

Saa ya kuelekeza, usiangalie picha. Fungua menyu ya dikoda ama TV, kuna vipimo viwili: nguvu ya signali, na ubora wake. Wasee wengi huangalia nguvu wakafurahi. Ubora ndio unakupa picha. Nguvu 90 na ubora 20 ni skrini inayokatika, nguvu 55 na ubora 90 ni usingizi mzuri. Zungusha polepole, ngoja sekunde kadhaa kila mara ju kipimo huchelewa, na uangalie chaneli moja kutoka kila fungu, si KBC peke yake. Ukimaliza fanya skani upya. Chaneli zenye zilihamishwa masafa hazitajileta zenyewe.

Na kama unanunua TV mpya, uliza kama ndani iko na DVB-T2. Hiyo namba 2 ni muhimu, ju ndio Kenya inatumia, na TV za zamani kidogo ama zimetoka majuu zinaweza kuwa na DVB-T tu. Ukiwa na T2 ndani, chaneli za bure hauhitaji dikoda kabisa, unachomeka kebo ya antena moja kwa moja.

Wale wa ploti kubwa, kabla upande juu ongea na caretaker, ju antena isiyojulikana ni ya nani huwa inapotea siku ya kupaka rangi. Kama landi amekataa, na dirisha lako linaangalia upande wa Limuru, weka ile ya wavu kwa balkoni. Gorofa ya nne kwenda juu hiyo huwa inatosha vizuri. Kama dirisha linaangalia upande mwingine, jaribu bado: saa zingine ukuta wa jirani unakurudishia signali ya kutosha, na hiyo elekeza kwa ukuta, si Limuru.

Jambo lingine la baada ya kufunga. Mvua yenyewe haisumbui sana mawimbi ya UHF. Dishi ndio hukatika mawingu yakikuja. Kwa hivyo kama antena yako hukata kila mvua ikinyesha na hurudi jua likiwaka, usinunue antena nyingine. Maji yameingia kwa kebo pale juu kwa kontakta. Panda, kata kipande chenye kimegeuka kijani, weka kontakta mpya, funga na raba ya kuzuia maji, na uache kebo ininginie chini kidogo kabla iingie ndani ya nyumba ndio matone yaangukie nje.